Risala kwa Niaba ya Kiinitete

Iko nchi moja, msiniulize iko wapi, maana hata wenyeji wake wakiulizwa hugeuka kwanza kutazama nani yuko nyuma yao ndipo wajibu. Katika nchi hiyo hakuna kitu kinachoruhusiwa kuanza kabla hakijazinduliwa. Daraja likikamilika, watu huendelea kuvuka kwa mtumbwi chini yake mpaka mgeni rasmi aje kukata utepe. Kisima kikichimbwa, maji huzibwa kwa gunia na kuwekewa mlinzi mwenye rungu, asije mtu mwenye kiu akakizindua kwa bahati mbaya. Mwaka mmoja mvua ilinyesha kabla Mheshimiwa hajafungua msimu wa masika. Wakulima waliopanda waliitwa kujieleza, na mvua yenyewe ikakemewa redioni.

Kazi hiyo ina wizara yake, Wizara ya Uzinduzi na Mawe ya Msingi, na katika wizara hiyo alikuwapo afisa itifaki mmoja aitwaye Mwinshehe Ngoda. Yeye ndiye aliyepanga nani akalie kiti chenye kitambaa na nani akalie cha plastiki. Yeye ndiye aliyetamka "itifaki imezingatiwa" kwa sauti iliyowanyoosha hata mbuzi wa sherehe. Mgeni rasmi akiingia, Mwinshehe alikuwa wa kwanza kusimama, akafunga kifungo cha koti, na umati mzima ukasimama kwa kumtazama yeye.

Zaidi ya yote, yeye ndiye aliyeandika risala. Wananchi wa nchi ile hawaandiki risala zao wenyewe, kwa kuwa wanaweza kukosea wakaandika shida. Wizara huwaandikia, na pale mahali pa changamoto Mwinshehe huweka maneno yaliyokwisha kuidhinishwa: "Changamoto yetu kubwa, Mheshimiwa, ni kukosa maneno ya kukushukuru." Mgeni rasmi naye hujibu kama alivyojibu mwaka jana na juzi: "Changamoto zenu nimezichukua. Kuanzia leo si zenu tena, ni zangu." Makofi hupigwa, pilau huliwa, kila mtu hushika njia yake.

Lakini nyumbani kwa Mwinshehe kulikuwa na changamoto ambayo hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuichukua. Yeye na mkewe Sikudhani walikuwa wameoana siku nyingi, mashahidi wa ndoa yao walikuwa wameshapata wajukuu, na wao mtoto hawakumpata. Mtaani kwao mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, Mama Hidaya, Mama Chausiku. Sikudhani aliitwa Sikudhani. Muuza mkaa mgeni akiuliza, "Na wewe ni mama nani?" majirani wote waligeukia masufuria yao ghafla, kana kwamba yanaungua.

Mama yake Mwinshehe, Bi Nyamvula, hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. "Mwanangu," alisema kila alipokuja, mkwewe akiwa palepale anammiminia chai, "shamba likikataa kuotesha, mtu hutafuta shamba jingine. Mimi nimeshakuonea moja, lina rutuba."

Sikudhani aliongeza sukari, akakoroga, akamsogezea kikombe.

*

Kwa nini lilaumiwe shamba na si mbegu? Hilo ni suala la kisera. Kiongozi Mkuu wa nchi ile aliwahi kutamka jukwaani, jua likiwa limemchoma vya kutosha, kwamba mwanamume wa nchi yake hajawahi kushindwa jambo lolote. Wataalamu walikaa wakalichambua neno "lolote", wakaona uzazi nao umo. Tangu siku hiyo, mwanamume akipimwa mbegu katika hospitali ya serikali, majibu yalikuwa ya aina mbili tu: Safi, na Safi Sana. Safi Sana ilikuwa ya wenye vyeo, kuanzia mkurugenzi kwenda juu.

Mwinshehe alikuwa na Safi yake. Kwa sababu ya hiyo Safi, Sikudhani alinyweshwa mizizi, akafukizwa, akasuguliwa tumbo na mabingwa wenye mikono migumu, akaombewa na watu waliompigia kelele masikioni. Alirudi nyumbani kila mara amechoka zaidi, na Mwinshehe alimpokea kwa upole mkubwa, kama mtu anayempokea mgonjwa asiyemhusu.

Ndipo serikali ikajenga na kuzindua Kituo cha Taifa cha Upandikizaji Mimba. Kikaletewa Daktari Ndeshi, mwanamke mfupi mwenye macho makali, aliyesomea kazi hiyo nchi za mbali na kurudi kwa hiari yake, jambo lililowatia mashaka watu wa usalama wa taifa hadi leo. Mwinshehe na Sikudhani walikuwa wa kwanza kupokelewa. Walipimwa wote wawili, kisha wakaitwa chumbani.

Daktari alifunga dirisha. Akaifungulia redio, iliyokuwa ikirudia hotuba ya Kiongozi Mkuu kuhusu usafi wa mitaro, akaongeza sauti ili asisikike nje.

"Kaka Ngoda, majibu yako yametoka."

"Safi?" Mwinshehe akauliza, akitabasamu.

"Mbegu zako," daktari akasema akiutazama mlango, "zina hadhi ya viongozi. Ni chache, na haziendi popote mpaka zibebwe."

Mwinshehe alianza kushukuru. Sikudhani ndiye aliyeelewa. "Daktari," akasema taratibu, "una maana mimi sina tatizo?"

"Huna, dada. Hujawahi kuwa nalo."

Redioni umati ulipiga makofi kwa ajili ya mitaro. Mwinshehe alihisi koti lake limekuwa zito. Alitaka kusema kitu kuhusu Safi yake, lakini alipomtazama mkewe alikifungua tu kifungo cha koti.

"Msikate tamaa," daktari akaendelea. "Kila mwezi mwili wa mwanamke hukomaza yai moja. Nitampa dada sindano za kuyaamsha mengi kwa pamoja. Yakikomaa nitayatoa kwa sindano, yeye akiwa usingizini. Kwa wengine tunaweka mayai na mbegu katika kisahani kimoja, tunaviacha vikutane vyenyewe. Kwenu ninyi nitachagua mbegu moja kwa kila yai, niishike kwa sindano nyembamba kuliko unywele, niiingize mwenyewe ndani."

Mwinshehe alifikiri. "Yaani unaisindikiza mpaka kitini."

"Ndivyo. Kikitunga kitu, tunakiita kiinitete. Nitakilea siku chache katika kabati lenye joto kama la tumbo, kisha nikirudishe kwa mama yake. Baada ya hapo mimi nami ninangoja kama ninyi. Kuna vinavyoshika na kuna visivyoshika, na hilo sikufichi."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, walikaa bega kwa bega. Muuguzi akapita, akamtazama Sikudhani kwa ile huruma ambayo Sikudhani aliijua kwa miaka, na kumwamkia Mwinshehe kwa heshima.

"Basi tuseme ni mimi," Sikudhani akasema.

"Tuseme nini?"

"Kwamba tatizo ni langu. Mimi nimeshazoea. Wewe kazi yako ni kusimama mbele za watu."

Mwanamume mwingine angekataa. Mwinshehe alisema, "Asante, mke wangu." Alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni, lakini hakulirudisha. Alimwuliza kama ana njaa.

*

Matibabu yakaanza. Kila jioni Mwinshehe alimchoma mkewe sindano tumboni, akijipa moyo kwa sauti ya kazini: "Sasa ni wakati wa sindano. Mwenye sindano, karibu." Sikudhani alicheka, na walikuwa hawajacheka pamoja siku nyingi. Tumbo lilimvimba, hasira zilimjia bila sababu kisha zikamtoka, na usiku alijigeuza kama samaki kikaangoni.

Serikali haikukaa kimya. Habari kwamba mayai kadhaa yanakomaa mahali pamoja zilifika polisi, na afisa mmoja akaja kituoni kuuliza kama mkusanyiko huo una kibali. Daktari Ndeshi alimwambia kwamba mayai hayo ni ya familia moja na hayajadili siasa. Afisa akaandika kwamba hali ni shwari, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Lililo zito lilikuwa wizarani. Katibu Mkuu wa wizara, bosi wake Mwinshehe, alitaka hata kuyatoa mayai kufanyike mbele ya mgeni rasmi, ila kusogezwe mbele mpaka baada ya kongamano alilokuwa nalo Waziri.

"Yai likishapewa sindano ya mwisho halimngojei mtu," Daktari Ndeshi akamwambia. "Tusipolitoa keshokutwa asubuhi linatoka lenyewe, na hatutaliona tena."

"Hata likiagizwa?"

"Hata likiandikiwa barua."

Wanasheria waliokoa jahazi. Waliamua kwamba kutoa mayai ni mavuno, na mavuno ni mwisho wa jambo, si mwanzo wake. Miisho katika nchi ile haihitaji uzinduzi, ndiyo maana haitangazwi. Lakini kukirudisha kiinitete tumboni ni mwanzo wa mtu, kwa hiyo hakuna ujanja, lazima Waziri mwenyewe awepo.

Mayai yakatolewa. Mbegu zikasindikizwa. Mengine hayakutunga, mengine yalitunga yakasita njiani, na mwishowe kikabaki kiinitete kimoja. Daktari aliwaambia wazi. Kukigandisha kisubiri hakuwezekani, kwa kuwa gesi ya kugandishia ilikuwa bado bandarini ikingoja kuzinduliwa. Kingerudishwa siku ya tano, au kingekufa katika kisahani.

Sikudhani alimshika mumewe mkono. "Mwinshehe, mwili wangu umefika mwisho. Sindano nyingine siziwezi. Ni huyu au basi."

*

Siku ya tano uwanja wa kituo ulijaa mahema. Ngoma zilikuwepo, kwaya ilikuwepo, watoto wa shule walisimamishwa juani wakiwa na vibendera. Ndani ya maabara, hadubini ilifunikwa kipazia chekundu chenye vishada, kidogo kama leso, ambacho Mheshimiwa angekifunua. Bi Nyamvula alipewa kiti cha mbele kama bibi mtarajiwa. Sikudhani alikuwa amelazwa chumba cha pili, amekunywa maji mengi kama alivyoagizwa, kwa sababu kibofu kikijaa ndipo daktari huona vizuri njia ya kupitia.

Mgeni rasmi, Waziri wa Uzinduzi, Mheshimiwa Dakta Mbarango, alitarajiwa asubuhi. Asubuhi ikapita. Taarifa zilisema yuko njiani, na kwamba anaizindua njia yenyewe, kipande kwa kipande, kadiri anavyokuja.

Jua lilipofika utosini, Daktari Ndeshi alimfuata Mwinshehe nyuma ya hema.

"Kaka, kiinitete kiko tayari tangu asubuhi. Mkeo amebanwa na mkojo mpaka anasema peke yake. Niambie la kufanya."

Mwinshehe alifungua kinywa kusema "Mgeni rasmi yuko njiani." Neno hilo alikuwa amewaambia nusu ya wananchi wa nchi ile. Aliwaambia akina mama waliokaa na ndoo tupu kando ya kisima kilichojaa. Alimwambia mzee aliyekuwa anaumwa, mbele ya zahanati yenye utepe mlangoni, na yule mzee alimwitikia kwa adabu, "Sawa, mwanangu, tutamngoja." Mwinshehe hakuwahi kuuliza yule mzee aliishia wapi. Sasa alihisi kwamba anajua.

"Endelea, daktari," akasema.

"Kabla ya uzinduzi? Watakufunga."

"Huu si uzinduzi. Haya ni mazoezi ya uzinduzi. Hakuna shughuli ya kitaifa isiyofanyiwa mazoezi."

Wakaingia. Daktari alikivuta kiinitete ndani ya mrija laini, mwembamba, akaupitisha polepole huku akitazama skrini. Mwinshehe alikaa kichwani pa mkewe. Kwenye skrini kulionekana giza, kisha kitone cheupe kikatua, kidogo kama punje ya chumvi. Daktari akautoa mrija, akaukagua chini ya hadubini ya pili kuhakikisha hakuna kilichobaki.

"Tayari."

"Hivyo tu?" Sikudhani akauliza.

"Hivyo tu, dada."

"Naruhusiwa kwenda msalani?"

"Nenda. Hakianguki."

Alienda mbio akishikilia kitenge chake, na Mwinshehe alimsikia nyuma ya mlango akilia na kucheka kwa pamoja. Hakujua ampe pole au hongera. Aliegemea ukuta akangoja.

*

Mheshimiwa Mbarango alifika alasiri. Mwinshehe akasimama, akafunga kifungo cha koti, umma ukasimama. Waziri akaongozwa mpaka maabara, akakifunua kipazia, akaweka jicho kwenye hadubini, ambako Daktari Ndeshi alikuwa ameweka kisahani chenye tone la maji ya kulelea bila kitu kingine chochote.

"Namwona," Mheshimiwa akasema kwa heshima. "Ananipungia."

Katibu Mkuu akatazama, akasema uso ni wa kizalendo. Mkuu wa polisi akatazama, akasema havunji sheria yoyote. Kisha wote wakatoka kwenda uwanjani kwa ajili ya risala.

Kwa itifaki, risala husomwa na mnufaika. Mnufaika wa mradi huu alikuwa kiinitete, na kwa kuwa alikuwa bado hajajua kusoma, baba yake aliteuliwa kumsomea. Katibu Mkuu mwenyewe ndiye aliyeyaidhinisha maneno. Redio ya taifa ilikuwa hewani moja kwa moja.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," Mwinshehe akaanza kwa ile sauti yake, "mimi kiinitete, kwa niaba ya viinitete wenzangu wote nchini, natoa shukrani za dhati kwa kupewa nafasi hii ya kuwapo. Naahidi kuzaliwa kwa wakati na kuunga mkono juhudi zote, zinazojulikana na zisizojulikana."

Makofi. Mheshimiwa alikuwa ameshafumba macho, kama alivyofanya katika kila risala tangu ateuliwe. Alikuwa na kipaji cha kuamka pale tu msomaji aliponyamaza.

"Mheshimiwa, changamoto iliyosababisha mradi huu ni udhaifu wa mama yangu, ambaye kwa miaka mingi..."

Mwinshehe akasita. Aliinua macho akamwona Sikudhani kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa ameutengeneza uso wake kama anavyoutengeneza pale muuza mkaa anapomwuliza yeye ni mama nani. Bi Nyamvula, mstari wa mbele, alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali hata kabla sentensi haijaisha.

Hapo ndipo jambo lilipompiga Mwinshehe kifuani. Sauti hii haikuwa yake. Alikuwa ameazimwa kinywa na mwanawe, na neno la kwanza ambalo mwanawe angelisema duniani, mbele ya taifa zima, lingekuwa uongo juu ya mama yake.

Aliikunja karatasi.

"Changamoto iliyosababisha mradi huu," akasema, "ni baba yangu. Mbegu zake ni chache, na hizo chache haziogelei. Alipimwa ikajulikana, akanyamaza. Mama yangu ni mzima, na alikuwa mzima siku zote. Dawa alizonyweshwa hazikuwa zake. Maneno aliyoambiwa hayakuwa yake. Naomba nizaliwe likiwa limeshasemwa, nisije nikaulizwa mimi. Huo ndio mwisho wa risala."

Uwanja ukanyamaza. Mpiga ngoma alizuia fimbo yake hewani. Katibu Mkuu aligeuka rangi, kisha akageuka nyingine.

Kimya hicho kikamwamsha Mheshimiwa Mbarango. Akasimama, akarekebisha tai, akakishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Risala hii nimeisikiliza kwa makini, neno kwa neno. Na mimi si mtu wa maneno mengi. Changamoto mliyoitaja nimeichukua! Kuanzia leo si yenu tena, ni yangu mimi binafsi! Tena niwaambie ukweli, kwangu si ngeni. Ninayo tangu nilipoingia wizarani, na wasaidizi wangu hawa wote wanayo. Hata Kiongozi wetu Mkuu anayo, tena yeye anayo kutushinda sisi sote. Halali usingizi kwa ajili yake!"

Ni sheria katika nchi ile kwamba Kiongozi Mkuu akitajwa lazima apigiwe makofi. Katibu Mkuu alipiga la kwanza, jasho likimchuruzika. Yakafuata mengine, na yalipoanza hakupatikana mtu wa kuthubutu kuwa wa kwanza kuacha.

*

Baraza lilikaa siku hiyohiyo. Maelezo yaliyowezekana yalikuwa mawili. Ama waziri alilala kazini, na mawaziri wa nchi ile hawalali, ama alichosema ni kweli. Ikaamuliwa kwamba ni kweli. Gazeti la serikali likatoka na kichwa cha habari: KIONGOZI ABEBA MZIGO WA WANAUME.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Wakuu wa mikoa walijitokeza mmoja mmoja kutangaza kwamba wao nao ni wenzake Kiongozi. Katibu Mkuu alisema yeye anazo chache kuliko waziri wake, akapewa onyo kwa kujikweza. Mkurugenzi mmoja mwenye watoto kumi na mmoja aliomba radhi hadharani, akaahidi kuchunguza ilikuwaje. Mashine za hospitali zikarekebishwa upya, majibu yakawa Chache na Chache Sana. Chache Sana ilikuwa ya wenye vyeo, kuanzia mkurugenzi kwenda juu.

Katikati ya kelele hizo, wanaume wasio na vyeo walianza kuonekana kwenye benchi la Daktari Ndeshi, kila mmoja kando ya mkewe, kofia mkononi. Daktari hakuuliza nani ni mzalendo na nani anaumwa kweli. Alifungua dirisha, akaizima redio, akaanza kuwapima.

Mwinshehe alipewa nishani kwa kuasisi mwamko, na onyo kali kwa kutoka nje ya maandishi, vyote katika hafla moja, na picha ikapigwa mara moja ili kubana matumizi.

Bi Nyamvula alikuja kesho yake. Alikaa, akakunja khanga yake mapajani.

"Mwinshehe," akasema, "wewe nilikuzaa peke yako."

"Ndiyo, mama."

"Baba yako alioa wawili juu yangu ili wakupatie ndugu. Hawakupata. Ikasemwa nimewafunga kwa dawa. Nikaamini hata mimi, kwamba labda nina kijicho kinachofanya kazi bila kunishirikisha." Akacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga. Sikudhani alikuwa ameinuka kwenda jikoni. "Keti, mwanangu," mzee akamwambia, naye hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Leo chai nitainjika mimi."

Taifa lilikuwa limeshaitangaza mimba siku ya sherehe, na mtaa mmoja ulishapewa jina lake, lakini kama imetunga kweli hakuna aliyejua. Sikudhani alisubiri siku zake za kusubiri akiwa haongei sana, akiogopa hata kupiga chafya. Ilipofika siku ya kupima damu, Daktari Ndeshi alitoka na majibu mkononi, na safari hii hakutazama mlango.

"Imetunga."

"Rudia, daktari."

"Dada yangu, imetunga."

Sikudhani alimkumbatia daktari, akamkumbatia muuguzi, akamkumbatia mgonjwa asiyemjua. Mwinshehe alimshukuru daktari, akasahau, akamshukuru tena.

*

Miezi ilipotimia wizara ilileta maelekezo. Mheshimiwa Mbarango angefika adhuhuri kukata kitovu, kwa mkasi wa dhahabu uliowekwa juu ya mto wa hariri. Mtoto asingeruhusiwa kulia kabla ya wimbo wa taifa. Mwinshehe alipewa kazi ya kupanga ratiba.

"Wamesema adhuhuri," alimwambia mkewe.

"Na mtoto naye kaambiwa?"

"Mtoto hajaletewa nakala."

Uchungu ulianza asubuhi. Ukumbini walijipanga maafisa na mto wao, bendi na matarumbeta yake, na Bi Nyamvula na chupa ya uji. Mwinshehe alikaa kwenye lile benchi, koti likiwa wazi, akisikiliza mlango. Mkewe aliguna ndani, akaguna tena, na kila alipoguna yeye alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Simu ya Katibu Mkuu ikaingia. "Ngoda! Mzuieni kidogo! Mgeni rasmi yuko njiani!"

"Najua," Mwinshehe akasema. "Huyo huwa yuko njiani siku zote." Akaizima.

Ndipo kilio kikasikika, chembamba, kikali, cha mtu asiyeomba ruhusa. Mwinshehe alisimama. Mkono wenyewe ukapanda ukafunga kifungo cha koti. Maafisa walipomwona amesimama nao wakasimama, kwa mazoea, bendi ikasimama, Bi Nyamvula akasimama na uji wake, ukumbi mzima ukawa wima.

"Amefika?" akanong'ona yule mwenye mkasi, akichungulia dirishani kutafuta msafara.

"Amefika," Mwinshehe akasema, akausukuma mlango akaingia, machozi yakimtiririka, bila kusubiri kukaribishwa.